Kilo Tisa na Nusu za Historia

Duka la Ngwali la fotokopi lipo Gombani, ng'ambo ya barabara ukitokea uwanja wa mpira, na ukiingia mara ya kwanza utadhani umekosea mlango. Ipo mashine ya fotokopi, zipo printa mbili, moja ya kufanyia kazi na moja ya kutazamwa na wateja, na katikati yake, juu ya meza, imesimama mizani ya shaba ya sahani mbili pamoja na mawe yake. Mizani hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Bakari wa Shumba Viamboni. Mzee alikuwa akipimia karafuu zake nyumbani kabla ya kuzipeleka kituo cha kuuzia, kwa sababu hakutaka kuambiwa uzito na mtu mwingine halafu akauamini. Ngwali hana hata mkarafuu mmoja. Yeye anapimia kozi za chuo kikuu.

Ndiyo, kozi. Wala usijisumbue kumcheka, kwa kuwa atakuwa ameshakutangulia. Mwenyewe akikuhadithia huanza kwa kuvua miwani, kuifuta na shati, na kusema kwamba katika kisiwa kizima cha Pemba hakuna mtu aliyefikiri sana juu ya ugumu wa masomo kama yeye, na hakuna aliyeyasoma kidogo kama yeye.

Mambo yalianza kwa ubishi. Likizo moja waliingia dukani vijana wawili kutoa kopi za vitini vyao, Asya anayesoma Sheria na Ashraf anayesoma Uuguzi, wakaanza kushindana nani ana mzigo mkubwa. Asya akasema wenzake wanasoma mpaka macho yanatoka. Ashraf akasema wao wanasoma na bado wanakwenda wodini kubeba wagonjwa. Ngwali alikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa hutoa hukumu za haraka. Akavichukua vitini vya Asya vya mwaka mzima, akaviweka kwenye sahani moja, akapanga mawe kwenye sahani ya pili. Kilo kumi na moja. Vya Ashraf vikaleta saba. Asya akatoka dukani kidevu juu, na Ashraf akasema mizani hiyo haijui harufu ya wodi.

Angeishia hapo, ingekuwa kheri. Lakini siku ya pili akaja mwengine kutaka kupimiwa Biashara, wa tatu akaja na Kilimo, na baada ya mihula miwili Ngwali alikuwa na chati ukutani, imeandikwa kwa kalamu nene nyekundu: UZITO WA KOZI. Wazazi walikuwa wakija kutoka Mkoani na Wete kuitazama kabla watoto wao hawajajaza fomu. Wanaisoma polepole, wanatikisa kichwa, na wanamuuliza maswali kwa adabu kama anavyoulizwa shehe. Pemba mtu anaweza kubishana nawe juu ya jambo lolote, ila ukimuonesha mizani hunyamaza. Ngwali alikuwa akijibu huku mikono iko nyuma, na lazima tuseme kweli, alikuwa akijisikia.

Walikuwa wakimwita Injinia. Jina hilo alirudi nalo kutoka Dar es Salaam miaka ishirini na tatu iliyopita, na tutalifikia.

Aliyeipa chati aibu yake ya kwanza ni Hafiz, kijana mpole kutoka Shumba Mjini. Hafiz aliisoma chati kutoka juu mpaka chini, akaona Hisabati iko mwisho kabisa, nusu kilo kasoro, akamshukuru Mungu na akenda kujiandikisha Hisabati. Alirudi baada ya mwaka, amekonda, akasimama mbele ya meza na karatasi moja mkononi.

"Injinia, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Za masomo?"

"Karatasi hino moja," akasema Hafiz, akiilaza juu ya sahani ya mizani, nayo sahani haikutikisika. "Mistari sita. Nimekaa nayo miezi mitatu, mfunguo mosi mpaka mfunguo tatu. Silali, sili. Na sapu nimekamata vilevile, mtihani naurudia."

Ngwali aliitazama ile karatasi. Ilikuwa na herufi chache za Kigiriki na neno moja tu alilolielewa, nalo ni "onesha". Alimpa Hafiz kopi za bure mwezi mzima, na chini ya chati akaongeza kwa maandishi madogo, madogo hasa: Uzito huu ni wa karatasi tu.

Mkewe, Mwatum, alikuwa ameshamwambia zamani. Mwatum huchuma karafuu kila msimu katika shamba la kaka zake na anazijua kuliko mumewe anavyoijua mashine yake. Siku aliyoiona chati mara ya kwanza alikaa kwenye kiti cha wateja, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Weye unapima mbichi," alisema.

"Vipi mbichi?"

"Karafuu ikitoka mtini nzito, yakhe, polo moja begani lavunja mgongo. Ianike siku nne juani, yabaki theluthi. Nani anonunua mbichi kwa uzito? Karatasi zako hizo zote mbichi. Mtu akishaanikwa, kikabaki kitu kichwani, hicho ndo cha kupimwa." Kisha akaondoka na kumwachia chakula chake.

Ngwali aliona mkewe amesema maneno ya maana, na kwa sababu hiyohiyo hakuyafuata.

Sasa tuje kwenye Historia. Katika chati ile Historia ilikuwa ya pili kutoka juu, kilo tisa na nusu, chini ya Sheria tu, juu ya Uuguzi, juu ya Famasia, juu ya Uhandisi. Walioshangaa walikuwa wengi, lakini mizani imesema. Mizani haikusema. Siku aliyoletewa vitini vya Historia, Ngwali alivipima peke yake, mlango umerudishwa, vikaleta kilo mbili kamili. Kilo mbili! Alivitazama vimekaa pale kwenye sahani, vyembamba, havina habari, akahisi uso unamchoma kama ametukanwa. Akachukua rimu tatu mpya za karatasi nyeupe, akaziweka chini yake. Rimu moja ni kilo mbili na nusu, hesabu unaiweza. Akaandika tisa na nusu, akafungua mlango.

Kwa nini? Kwa sababu Ngwali hakusoma uhandisi hata siku moja. Alisoma Historia, na ilimshinda.

Alikuwa kijana wa kwanza katika mtaa wao wa Shumba Viamboni kwenda chuo kikuu. Alisomewa dua, akachinjiwa mbuzi, akasindikizwa mpaka bandarini Mkoani na watu ambao nusu yao hakuwajua. Alipofika alimuuliza mwenyeji mmoja kozi gani nyepesi, akaambiwa: Historia, hiyo ni hadithi tu, unaisoma kitandani. Ngwali akaisoma kitandani. Mhadhiri alisomesha kwa Kiingereza, naye Ngwali akiandika kwa Kiswahili, ili angalau akilala alale kwa lugha yake. Alilala darasani, alilala maktaba, na mara moja alilala amesimama kwenye foleni ya chakula. Mwisho wa mwaka alikamata sapu tano, akazirudia zote, akafeli nne, akadisko. Kudisko, kwa asiyejua, ni kufukuzwa chuo kwa ustaarabu: unapewa barua.

Alipoipata barua hiyo alifikiri jambo moja tu, wale watu na yule mbuzi. Mtu anaweza kurudi kwao akasema ameshindwa na uhandisi, akahurumiwa. Lakini ameshindwa na hadithi? Basi kabla ya kupanda meli alikuwa ameshapita Kariakoo akanunua miwani ya vioo vitupu, na alipoteremka Mkoani alikuwa ni mgonjwa wa macho aliyeharibiwa na hesabu za uhandisi. Watu walimpokea kwa machozi. Wiki ya pili wakamletea pampu ya maji ya msikiti.

"Tutazamie, Injinia."

Aliitazama. Aliifungua siku mbili, akaifunga kwa siku tatu, akabakiwa na misumari minne mkononi, na msikiti ukateka maji kwa ndoo mpaka Ramadhani. Hata hivyo jina halikumtoka. Na miwani, alivyoivaa miaka yote hiyo, macho yakaamua kumfuata, kwa hivyo sasa ni ya vioo vya kweli. Ngwali husema hilo ndilo somo pekee alilofaulu.

Haya yote yangebaki kwake na Mwatum tu, kama si Khairat.

Khairat ni binti yao mkubwa. Alimaliza kidato cha sita mwaka huu kwa alama zilizomfanya Ngwali atoe kopi ya matokeo ishirini, akazigawa kwa watu ambao hawakuomba. Vyuo viwili vikamkubali: kimoja kwa Sheria, kimoja kwa Ualimu wa Historia. Sharti ni achague kimoja, na kuchagua ni kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Kwa vile alipoomba alikuwa bado skuli ya dakhalia, analala hukohuko, na hana simu, fomu ilijazwa kwa namba ya baba yake. Mwisho ulikuwa Alhamisi saa kumi jioni. Ukishathibitisha, huwezi kurudi nyuma.

"Nataka Historia," alisema Khairat Jumatatu, wanakula.

Tonge la Ngwali lilisimama njiani. "Mwanangu, umepata Sheria. Sheria kilo kumi na moja!"

"Sitaki kilo, baba. Nataka Historia."

"Historia nyepesi hino. Hadithi tu. Watu watasema mtoto wa Ngwali kakimbia mzigo."

Khairat akaweka kijiko chini. Ana tabia ya mama yake ya kungoja kidogo kabla ya kukumaliza. "Nyepesi vipi? Chati yako yasema kilo tisa na nusu. Sheria kumi na moja. Tofauti kilo moja na nusu tu. Ndo mzigo wa kuwafanya watu waseme huo?"

Kusema chati ni ya kweli ni kumpa mtoto Historia. Kusema chati ni ya uongo ni kueleza rimu tatu, na rimu tatu zitavuta barua, na barua itamvuta yule mbuzi. Mwatum alikuwa akimtazama mumewe kwa furaha isiyofichika. Ngwali akasema samaki ana miba mingi leo, akanyanyuka.

Ubaya wa jambo, na hapa hajichekei, ni kwamba hakuwa akiogopa Khairat atashindwa. Alikuwa akiogopa atafaulu. Sheria akifaulu, ni sifa ya nyumba. Akifaulu Historia, akaja likizo na vyeti vyake anacheka, basi itakuwa wazi kwamba kilichomtoa Ngwali chuoni hakikuwa kitu, na mtoto mdogo wa kike amekibeba kwa mkono mmoja. Baba gani anamuombea mtoto wake hivyo? Alijiuliza hilo mara nyingi wiki ile, na kila mara jibu lilikuwa na miwani.

Namba ya siri iliingia Jumanne. Khairat akauliza, akamwambia bado. Jumatano asubuhi akauliza tena, akamwambia mtandao unasumbua.

Jumatano baada ya sala ya adhuhuri, duka likiwa tupu, Ngwali alifungua kwenye kompyuta ukurasa wa kuthibitishia chuo. Akaandika jina la binti yake. Akaandika namba. Akabofya Sheria. Kilichobaki kilikuwa ni kitufe kimoja cha kijani, kimeandikwa Thibitisha, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kipanya. Alijiambia ni kwa faida ya mtoto. Alijiambia atashukuru baadaye. Alikuwa anajiambia la tatu pale Hafiz alipoingia kutaka kuchapisha barua ya kurudia mtihani, na nyuma ya Hafiz, Khairat.

Ngwali akaizima skrini haraka, na kwa kuwa alikuwa na haraka akazima na printa.

"Baba, tupime Historia upya," alisema Khairat.

"Kwa vitini vipi? Sina vya Historia."

"Mie ninavyo."

Akatoa katika mkoba daftari moja la jalada la buluu, limefifia, pembe zimeliwa na mende, akaliweka kwenye sahani ya mizani. Ngwali alilijua kabla hajalisoma. Juu yake, kwa mwandiko mzuri wa kijana aliyesomewa dua, palikuwa na jina lake, mwaka, na neno Historia. Alikuwa na yakini amelichoma. Kumbe alilichoma la jirani yake wa chumba, na la kwake akalirudisha kwenye sanduku.

Khairat akachukua jiwe la robo kilo, dogo kuliko yote, akaliweka upande wa pili. Sahani ya daftari ikapanda juu papo hapo. Haikufika hata robo.

"Hii ndo Historia yote ilomo nyumbani kwetu," alisema.

Hafiz alikuwa amesoma jalada. Akamtazama Ngwali, akaitazama chati, akaitazama tena ile kilo tisa na nusu. Hisabati hufundisha mtu kuona, hata akikamata sapu. "Injinia," alisema taratibu, "ulisoma Uhandisi wa Historia?"

Hapo palikuwa na nafasi ya mwisho ya kudanganya, na Ngwali aliitazama vizuri kabla ya kuiacha ipite. Alivua miwani.

"Sikusoma uhandisi, mwanangu. Nilisoma hiyo. Ikanishinda, wakanifukuza. Na ile tisa na nusu nilitia rimu tatu chini. Na pampu ya msikiti, Mungu anisamehe, sikujua hata pa kutia maji."

Hafiz alijaribu kuzuia kicheko kwa heshima, kikamshinda, akatoka nje akachekee barazani. Ngwali alikuwa akimtazama Khairat tu. Alingoja mtoto ashangae, au aone haya. Khairat hakufanya hata kimoja.

"Najua, baba. Nimeliona sandukuni tangu kidato cha pili. Nimelisoma lote."

"Lote? Kurasa kumi na nne."

"Mara nyingi." Akalifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akamgeuzia. Ngwali aliona mwandiko wake unaanza umenyooka kama kawaida: Miji ya pwani ilidhoofika kwa sababu kuu tatu. Kwanza, biashara. Na baada ya neno biashara, kalamu ilianza kuteremka, ikateremka kwa mstari mmoja mrefu mpaka chini ya ukurasa, ikatoka nje ya daftari. Baada ya hapo kurasa zote nyeupe.

"Biashara ilifanya nini?" aliuliza Khairat. "Nimekaa na swali hilo miaka minne. Walimu wangu walinambia mambo mengi, hili la kwenye daftari lako bado nalitaka. Na ya pili ni ipi, na ya tatu? Ndo maana nataka Historia. Nataka nijue kilichokuwa kikisemwa ulipolala."

Ngwali alilishika lile daftari kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kwa dharau miaka ishirini na tatu, na hakuwa na kitu alichokiandaa kwa hili. Machozi yalimjia, akayaacha, maana pale hapakuwa na mtu wa kumdanganya tena.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Wallahi sijui hata moja."

Kisha akaiwasha skrini mbele yake, aione ile Sheria iliyobofywa na kitufe cha kijani kinachongoja, asimfiche na hilo. Akampa simu yenye namba ya siri. Khairat aliitazama skrini kwa muda, akamtazama baba yake, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile uso wake kukunjamana.

"Ulitaka kubonyeza?"

"Nilitaka."

Khairat akavuta kiti, akabadilisha Sheria ikawa Historia, akaandika namba ile polepole, akathibitisha mwenyewe. Hakumwambia kitu tena mpaka jioni, na Ngwali aliona hiyo ni haki yake.

Kabla ya kufunga duka alichukua kalamu nyekundu, akakata tisa na nusu, na pembeni yake akaandika: Haifiki robo, lakini ilimshinda mwenye duka. Habari ilienea kisiwa kizima kabla ya Ijumaa. Siku hizi wazazi wakija kutazama chati wanasoma mstari huo kwanza, wanacheka, halafu wanawauliza watoto wao wanataka kusoma nini, jambo ambalo zamani hawakulifanya. Jina la Injinia bado analo, ila wanalitamka kwa namna nyingine.

Khairat alipanda meli Mkoani na lile daftari mkobani. Mwezi wa pili wa masomo, Ngwali akiwa dukani na amesinzia kidogo juu ya mizani, simu ikalia. Ilikuwa picha ya ule ukurasa wa kumi na nne. Pale kalamu yake ilipoanza kuanguka, mwandiko mwengine, mdogo na ulionyooka, ulikuwa umeupokea mstari na kuendelea: Kwanza, biashara ilihama njia zake za zamani. Chini ya picha binti yake alikuwa ameandika: "Ya pili na ya tatu tunasoma wiki ijayo. Usilale."

Ngwali aliinua kichwa, akaivaa miwani, akajibu kwa herufi kubwa: NIKO MACHO.